Chura Aliyempangia Korongo Safari ya Miji Mitatu

– Nina safari, nani anakuja?
– Tunakuja wote.
– Ni mbali.
– Tumevaa viatu.
– Kuna baridi.
– Tumejifunika.
– Haya, shikaneni mikono, asipotee mtu.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana watu wa Bahi walikuwa tayari wanagombania maji ya mfereji kama wanavyogombania leo, kulikuwa na Korongo. Korongo mweupe, miguu mirefu, mdomo mwekundu. Alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi. Akila panzi, hatosheki. Akila panya, hatosheki. Akila nyoka mzima, anapangusa mdomo kwenye nyasi na kuuliza, "Kingine kiko wapi?"

Kila mwaka makorongo weupe huondoka Bahi kwenda Ulaya kujenga viota na kuzaa. Mwaka huo wenzake waliondoka wote, yeye akabaki. "Tangulieni, nitawakuta njiani," aliwaambia. Hakusema anabakia nini, lakini kila aliyeliona tumbo lake alijua.

Asubuhi moja alitia mdomo kwenye jaruba la mpunga, chubwi, akatoa Chura. Alikuwa chura jike, mdogo kama ndimu. Korongo alimbana mguu kwa ncha ya mdomo, akainua kichwa juu ili ammeze.

"Shikamoo, Bwana Korongo," akasema Chura.

Sasa Korongo, pamoja na ulafi wake, alikuwa amelelewa vizuri. Kwao ukiamkiwa unaitikia.

"Marahaba," akasema, na Chura akamponyoka, chubwi. Lakini kabla hajapiga mbizi Korongo alikuwa ameshamkanyaga mkia asiokuwa nao, yaani makalio, akamgandamiza kwenye tope.

"Umenichezea," akasema Korongo. "Sasa nikumeze?"

"Nimeze, bwana, mimi ni wako. Ila nasikitika tu."

"Unasikitika nini?"

"Nasikitika kwamba mnakwenda Ulaya kila mwaka na hamjaiona."

"Nimeiona. Nimezaliwa huko."

"Umeiona ukiwa juu. Unatoka hapa mpaka kiotani, kutoka kiotani mpaka hapa. Vienna umewahi kushuka?"

"Sijashuka."

"Bratislava je?"

"Sijashuka."

"Na Budapest?"

Korongo akakohoa. "Sijafika."

"Unaona. Miji mitatu, nchi tatu, mto mmoja. Kutoka mji mmoja mpaka mwingine haikufikishi jioni. Siku ya kwanza Vienna, siku ya pili Bratislava, siku ya tatu na ya nne Budapest. Siku nne tu. Na wakati wenyewe ndio huu, miti inachanua, watu wametoka kula nje. Ukienda mapema zaidi unakuta theluji. Ukichelewa unakuta wageni wamejaa, huna pa kusimama."

Maneno haya yote Chura aliyasikia kwa mbayuwayu waliokuwa wakipumzika kwenye matete. Mbayuwayu wanasema sana. Lakini miji aliyoisikia ilikuwa hiyo mitatu tu, hakuwa na jina la nne.

"Na chakula?" akauliza Korongo.

"Chakula ndiyo safari yenyewe, bwana."

Korongo akameza mate. "Basi niambie njia, halafu nikumeze."

"Nimeze, bwana, mimi ni wako. Ila njia ina kona nyingi. Utazikumbuka?"

Korongo akafikiri. Alijijua. Kuna siku alikuwa akisahau kama ameshakula, akala tena. Akainua mguu.

"Panda mgongoni," akasema. "Nitakumeza tukifika."

Wakaruka. Pu, pu, pu. Chura amejifunga kwa ukoka katikati ya mbawa. Ziwa likapita. Jangwa likapita. Kila penye maji Korongo anashuka, Chura anajilowesha, wanaendelea. Pu, pu, pu. Bahari ikapita. Milima yenye theluji ikapita, na hapo ndipo Chura alipotambua kuwa mbayuwayu hawakumwambia kila kitu, maana magoti yake yaligongana kama karanga kwenye kikaango.

"Tafuta mto mkubwa," alielekeza kwa sauti ya kutetemeka. "Ufuate mpaka uone gurudumu kubwa linalozungusha watu hewani. Hapo ni Vienna."

Wakauona mto. Wakaliona gurudumu. Wakashuka kwenye bustani yenye miti iliyojaa maua mpaka majani hayaonekani.

"Tumefika," akasema Korongo. "Sasa nikumeze?"

"Nimeze, bwana, mimi ni wako. Ila unasikia harufu hiyo?"

Korongo akanusa. Pembeni kulikuwa na kibanda cha soseji, na watu wamesimama wanakula juani.

"Nenda pale, simama kwa mguu mmoja," akasema Chura. "Usiombe. Tazama mbali, kama mtu mwenye mawazo."

Korongo akaenda, akasimama, akatazama mbali. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu akamwona, akaguswa, akamtupia kipande. Mzee mmoja akamtupia kipande. Watoto wa shule wakamtupia vipande mpaka mwalimu akawavuta. Ta-ta-ta-ta, mdomo wa Korongo ukapiga makofi ya shukrani, watu wakacheka, wakaongeza. Kufika saa nane alikuwa amekula soseji tisa na kipande cha mkate ulioanguka. Akalala palepale kwenye nyasi, na Chura akajitosa kwenye kidimbwi cha bustani, akakaa humo akijiuliza kesho itakuwaje.

Siku ya pili wakafuata mto kwenda chini. Pu, pu, pu. Wakaona ngome nyeupe juu ya kilima, yenye mnara kila kona.

"Bratislava," akasema Chura.

"Vizuri. Sasa nikumeze?"

"Nimeze, bwana, mimi ni wako. Ila hapa wanapika matonge madogo ya viazi, wanayamwagia jibini ya kondoo. Simama pale penye meza. Mguu ule mwingine leo, huo wa jana umechoka."

Korongo akasimama kwa mguu mwingine. Akala matonge ya meza ya kwanza. Akala matonge ya meza ya pili. Kwenye meza ya tatu mvua ikaanza, mvua nyembamba ya baridi yenye upepo, watu wakakimbilia ndani. Korongo akapanda kujibanza chini ya ukuta wa ngome.

Chura mgongoni alikuwa ameacha kutetemeka. Hiyo ni dalili mbaya. Alikuwa amekakamaa, jicho moja limefumba.

Korongo alimtazama. Hapo angeweza kummeza, wala Chura asingesema neno. Akamgusa kwa mdomo. Akamgusa tena. Kisha akainua bawa, akamsukumia ndani kwenye manyoya, akalifunga bawa.

Baada ya muda sauti ikatoka kwapani. "Bwana Korongo."

"Nini?"

"Tumbo lako linapiga kelele kama watu wanahama nyumba."

"Ni matonge," akasema Korongo. "Umepona?"

"Napata joto."

Mvua ikaendelea kunyesha. Wakawa hawana la kufanya ila kuongea.

"Kwenu huko Ulaya kuna nani?" akauliza Chura.

"Kuna mke."

"Anajua uko wapi?"

"Anajua niko njiani." Korongo akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "Kila mwaka mimi ndiye ninayetangulia. Akifika anakuta nimeshaweka vijiti. Mwaka huu nilikaa sana Bahi. Sasa kila nikikumbuka kwamba nimechelewa, nasikia njaa."

"Na hicho kiota kiko mahali gani?"

"Uwandani. Juu ya nguzo, mbele ya nyumba ya fundi baiskeli. Kuna kanisa lenye paa jekundu, kuna bwawa la bata, na barabara ina mistari miwili ya miti. Mto huu unakaa upande wa machweo." Alivuta pumzi. "Mke wangu hasemi sana. Ananitazama tu. Afadhali angesema."

Chura alisikiliza kila neno. Alilala humo kwapani huku akipanga.

Siku ya tatu wakaruka mpaka Budapest. Ule ulikuwa mruko mrefu, na Korongo alikuwa mzito, pu… pu… pu. Mji ukatokea pande zote mbili za mto, na madaraja yakiushikilia usiachane. Korongo akala andazi pana la kukaanga lililopakwa malai, ile krimu nzito ya maziwa. Akala la pili. Chura akapata kijito cha maji moto kinachotoka ardhini, akalala humo mpaka rangi yake ikarudi, akafikiri kwamba kama angekufa, basi kheri afie hapa penye joto.

Siku ya nne mchana Korongo akaja ukingoni, mdomo umejaa malai.

"Miji imeisha," akasema. Hakusema kwa furaha. "Vienna tumeona. Bratislava tumeona. Budapest tumeona. Mapatano ni mapatano. Sasa nikumeze?"

"Nimeze, bwana, mimi ni wako. Ila bado mji wa nne."

"Ulisema mitatu."

"Huu wa nne haupewi mtu mpaka amalize mitatu. Ni mdogo, wenyewe hawautangazi, usije ukajaa wageni. Nenda mashariki uwandani, kisha ushuke kusini, mto ukae upande wa machweo. Tafuta paa jekundu. Ukiona miti imepangwa mistari miwili, shuka."

"Chakula chake?"

"Hicho sikuambii. Utakuta."

Korongo angeweza kushtuka. Lakini miaka yote alikuwa akifika kwake kutoka kusini, hakuwahi hata siku moja kufika kutoka kaskazini. Na alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba malai haulizi mengi. Pu… pu… pu. Uwanda ukatandazika, mashamba ya kijani, farasi, visima.

"Paa jekundu lile," akasema.

"Endelea."

"Mistari ya miti ile."

"Shuka taratibu."

Akashuka akizunguka, na kwenye mzunguko wa tatu akaiona nguzo, na nyumba ya fundi baiskeli, na juu ya nguzo mkewe. Na juu ya paa la jirani akamwona korongo mwingine, kijana, manyoya yamechanwa vizuri, ana kijiti mdomoni. Amesimama kama mtu aliyekuja kuposa.

"Huyo ni nani?" akauliza Korongo, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyeshiba.

"Mimi mgeni hapa," akasema Chura. "Ila ningekuwa wewe nisingezunguka mara ya nne."

Korongo akatua kiotani, pu. Yule kijana akatazama huku, akatazama kule, akakiweka kijiti chake chini polepole, akaruka zake.

Bi Korongo alimtazama mumewe. Akamtazama tumbo. Akamtazama malai mdomoni.

"Umenenepa," akasema.

"Nilipita njia ndefu."

"Huyo kijana ana siku tatu juu ya paa lile. Leo nilitaka kumwambia asogee huku kiotani." Kisha akanyoosha shingo. "Na hicho mgongoni? Umeniletea chakula?"

Chura aliona mdomo wa pili, mwekundu na mrefu kama wa kwanza, unamjia. Hakuwa na jina la mji wa tano, hakuwa na kitu.

"Shikamoo, mama," akasema tu.

"Marahaba. Ni chakula?" Bi Korongo alimuuliza mumewe tena.

Korongo akauondoa mgongo mbele ya mdomo wa mkewe. "Hapana," akasema. "Ndiye aliyenileta nyumbani. Alinipangia njia yote. Bila yeye ningekuwa bado nimesimama Budapest kwa mguu mmoja."

Bi Korongo akatafakari. "Kumbe kuna mtu anayekuweza," akasema. "Basi haliwi huyu. Atakaa hapo bwawani, na nikikuona unamnyemelea, utanitambua mimi ni nani. Sasa shuka ukaokote vijiti. Upande huu wote wa kiota hauna kitu."

Korongo akaokota vijiti siku hiyo. Akaokota kesho yake. Mayai yakaja, akalalia mayai. Vifaranga vikaja, vinne, na vyote vimechukua tumbo la baba: ukivipa panzi, vinauliza kingine kiko wapi. Korongo alikonda mpaka miguu ikaonekana mirefu zaidi. Jioni alikuwa akishuka bwawani, anasimama karibu na Chura, anapumzika tu. Chura naye hakupiga mbizi.

Mwezi wa nane ulipokaribia mwisho, makorongo wa uwandani wakaanza kukusanyika. Korongo akashuka bwawani, akainama mpaka mgongo ukawa sawa na maji.

"Panda," akasema. "Tunapitia wapi?"

"Bahi, moja kwa moja," akasema Chura, akijifunga ukoka. "Nimekumbuka matope ya kwetu. Hakuna kushuka mjini."

Korongo akasimama. Akatembea hatua mbili, akasita.

"Hata Istanbul?" akauliza kwa upole.

Chura akamgonga begani kwa kiganja chake kidogo chenye maji.

"Ruka kwanza," akasema. "Tutaona."

Mnasikia funzo lake? Funzo ni hili: ukikamata chakula, kimeze, usikiulize kinajua nini. Na safari, jamani, msipange, wala msipangiwe. Korongo alipangiwa, mkaona yaliyompata: alifika nyumbani kwa mkewe na akapewa kazi.

– Mimi nimetua mzigo wangu hapa.
– Tumeupokea.
– Mwenye kuuongeza chumvi?
– Ruhusa.
– Mwenye kuupunguza?
– Akalale na njaa.