Vigae Kichwani mwa Tumpe

"Chungu kikipasuka, muulize aliyemwaga maji." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo kwa ukali, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilizaliwa kwa hasira, na chanzo chake ni hiki.

Kando ya Ziwa Nyasa aliishi mfinyanzi aitwaye Subilaga. Binti yake, Tumpe, alipoolewa na Gwamaka kijiji cha pili, Subilaga alimfinyangia chungu cha kuanzia maisha. Alichanganya udongo na vigae vilivyosagwa ili kistahimili moto, akazikandamiza kuta zake kwa kiganja, akakianika kivulini bila pupa kabla ya kukichoma. Chungu kile kilipika ukweni msimu mzima, wala hakikuvuja.

Mchana mmoja Subilaga alimwona Tumpe akirudi nyumbani amejitwika furushi, watoto nyuma yake wakimzomea. Furushi lilikuwa limejaa vigae vya chungu kile.

"Wamenirudisha, mama. Mama mkwe amesema nyumba inayofinyanga chungu kibovu huzaa binti mbovu."

Kwanza Subilaga alijilaumu mwenyewe: labda udongo ulikuwa na kasoro. Akapanga vigae chini, akageuza kipande cha kitako. Masizi yote yalikuwa yameungua, udongo umebaki mweupe. Hapo akajua kwamba chungu kiliachwa kitupu juu ya moto mkali, kisha kikamwagiwa maji ya baridi.

"Nani alimwaga maji, mwanangu?"

Tumpe alikuwa amefunzwa kutomtaja mkwe kwa ubaya. Mama yake aliposisitiza, akasimulia huku machozi yakimtoka. Anganile, mama yake Gwamaka, alibandika chungu akaenda kupiga soga kwa jirani. Aliporudi akakuta maji yamekauka, na wageni wanabisha hodi. Akanyakua mtungi, akamimina maji ya baridi humo humo. Chungu kikalia kah!

"Na mumeo?"

"Alikuwa mlangoni. Aliona yote. Alitazama chini."

Subilaga alifunga vile vigae upya, akajitwika mwenyewe. Alitembea kwa hasira hata salamu za njiani hakuzisikia. Alipofika akavimwaga uani kwa Anganile, mbele ya wazee wa ukoo waliokuwa wameketi hapo.

"Mama Gwamaka, nani alimwaga maji?"

"Chungu imara hakiogopi maji," Anganile akajibu.

"Chungu hutanuka kikipata moto! Ukikimiminia baridi, ndani kunasinyaa huku nje kungali kumetanuka. Kitavutana chenyewe kwa chenyewe mpaka kipasuke, hata angekifinyanga nani. Moto wako kiliuvumilia. Kilichokivunja ni mkono wako, kisha ukamtwika mwanangu aibu yako mchana kweupe!"

Anganile akafyonya. Mzee mmoja akamgeukia Gwamaka. "Wewe ulikuwepo. Sema."

Kijana akajibu, "Ni mama aliyemwaga."

"Sasa ndiyo umepata ulimi?" Subilaga akamfokea. "Mke wako alipozomewa na watoto, ulimi ulikuwa wapi?"

Wazee wakaamua Anganile aende kijijini kwa Subilaga akaseme ukweli kwa kinywa chake, mbele ya majirani waliomwona Tumpe akizomewa. Akakataa katakata, hakwenda hata alipokosa mkwe wa kumsaidia shambani. Gwamaka ndiye aliyekwenda, akaomba radhi akisikiwa na kijiji kizima. Tumpe hakumwitikia upesi. Alimwambia, "Nijengee jiko langu mwenyewe, mbali na la mama yako. Ndipo nitakuja." Gwamaka alijenga msimu wa mvua ulipokwisha, na Tumpe akaja.

Toka wakati huo, mke akirudishwa kwao kwa aibu, watu wa ufuoni kule hawaanzi kwa kumtafutia yeye kasoro. Huwageukia waliomrudisha, wakawakazia macho, wakasema: chungu kikipasuka, muulize aliyemwaga maji.