Nguchiro Aliyefukua Mbegu Kila Asubuhi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelala, na chai mmekunywa wote? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Na wewe Mwanahamisi, acha kumfinya mwenzako. Hapo zamani za kale, Nguchiro na Chozi walikuwa marafiki, chanda na pete. Chozi ni yule ndege mdogo, mdomo mwembamba, anayefyonza utamu wa maua. Akimwona mwewe hupiga kelele: "Tii! Tii! Ingia shimoni!" Nguchiro huyooo, shimoni. Bila Chozi angekuwa kitoweo zamani.

Mwaka huo moto ulipita bondeni, ukala maua yote. Likabaki moja tu kule mlimani: bamia-pori, ua la manjano lenye kitovu cheusi, jamaa wa bamia yetu ya jikoni.

Chozi akasema, "Rafiki yangu, mlimani ni mbali. Nikienda, wanangu wanalia njaa. Nitahama."

"Uhame? Nani ataniangalizia mwewe? Ngoja, nakuletea ua hapa hapa!"

Mbio, mbio, mbio mpaka mlimani. Akashika shina, akavuta. Lo! Mzizi wake ni mrefu, umezama chini sana. Akavuta, akavuta, ukakatika: katu! Akaja nao hivyo hivyo, akaupanda mlangoni kwa Chozi, anaimba. Jioni majani yamelegea. Kesho yake, mkavu.

"Nguchiro!" Chozi akalia. "Ndilo lililokuwa la mwisho!"

Nguchiro alitamani ardhi immeze. Lakini kwenye ule mmea kulikuwa na tunda moja kavu, ndani yake mbegu tano. Akazipanda. Asubuhi akafukua, fuku fuku fuku! "Mmeota?" Bado. Akafukia. Kesho yake tena, fuku fuku fuku! "Mmeota?" Bado. Siku saba! Mnacheka? Kuna mtu humu ndani hufunua sufuria ya wali kila dakika. Simtaji, anajijua.

Kwa kufukuliwa huko, mbegu nne zikabebwa na sisimizi. Ikabaki moja.

Bibi Kobe akapita, polepole. "Mjukuu wangu, unafanya nini?"

"Nalima, bibi."

"Unalima au unasumbua?" Akaichukua ile mbegu, akaigonga kwa ukucha. "Ina gamba gumu hii. Mambo ya magamba niulize mimi." Akaisugua kwenye jiwe, kwaru, kwaru, kidogo tu. Akailoweka kutwa nzima, kisha akaipanda. "Sasa wewe, ilalie mikono yako."

"Niilalie?"

"Ilalie. Ikikuwasha, ilalie zaidi."

Nguchiro akailalia. Siku ya nne chipukizi hilo! Akacheza ngoma peke yake. Mmea ukakua, majani tele, ila ua hakuna, na Chozi anasubiri, anawalisha wanawe vidudu tu. Kiangazi kikaingia, majani yakapukutika, shina likakauka.

Chozi akalitazama lile shina, akaguna. "Basi, rafiki yangu. Kwaheri." Akawachukua wanawe, akaenda zake.

Nguchiro alilia kwelikweli. Na mwewe sasa anazunguka juu. Mkono ukamwasha: afukue kidogo tu, aone kama mzizi uko hai. Ukainuka. Ukagusa udongo. Hapo akaukumbuka mzizi wa mlimani, ule uliokatika katu! Akaurudisha mkono, akaulalia.

Siku zikapita. Mvua ikaja: cha, cha, cha! Siku ya tatu, pembeni mwa lile shina kavu, machipukizi matatu. Mwezi haujaisha, maua! Manjano, manjano, manjano! Yalionekana mpaka ng'ambo ya bonde.

Asubuhi moja Nguchiro amelala kifudifudi juu ya mikono yake, akasikia: "Tii! Tii! Ingia shimoni!"

Huyooo! Mwewe akapita patupu. Nguchiro akachungulia. Chozi yuko kwenye ua, mdomo umezama ndani, wanawe wako nyuma wanagombania zamu.

"Wewe!" Chozi akasema. "Mikono haijafa ganzi?"

"Imekufa kabisa," Nguchiro akajibu, anacheka huku analia. "Na mzizi sikuugusa!"

Basi jamani, ukishapanda, mwagilia na usubiri. Kinachofanya kazi chini ya udongo hakitaki kuchunguliwa, na shina kavu si lazima liwe limekufa. Hadithi yangu imeishia hapo, mzizi wake nimeufukia.

Na wewe wa sufuria, wali umeiva. Sasa funua.