Cherehani ya Wifi Nyamizi

Mtaja deni kalipunguza. Ndivyo mpishi alivyomwambia binti yake mchana huu hapa uani, nanyi mkaacha kumenya viazi mkaniuliza, "Bibi, deni linapungua vipi kwa kutajwa tu? Neno hili limetoka wapi?" Sijui wengine watawaambia nini. Mimi najua limetoka nyumbani kwa kaka yangu, na siku lilipotamkwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa karibu na aliyelitamka, magoti yetu yakigusana. Endeleeni kumenya, masikio hayahitaji visu. Chanzo chake ni hiki.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Mihambo. Tulizaliwa watatu: yeye, kisha mimi Kalunde, kisha mdogo wetu Kapaya. Baba alipofariki, Kapaya alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Mihambo ndiye aliyetulea. Baadaye alipata kazi ya kupima mizigo kwenye ghala la tumbaku kule Sikonge. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia moja ambayo sisi wadogo zake tuliiona ni sifa: hakuwahi kumwomba mtu kitu. Chumvi ikiisha nyumbani kwake, mboga ililiwa hivyo hivyo mpaka dukani kufunguliwe.

Mkewe aliitwa Nyamizi, wifi yangu. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na siku ya harusi wajomba zake wawili waliibeba mpaka kwa mumewe kama wanavyobeba bibi harusi wa pili. Aliipaka mafuta kila Jumapili. Watoto walikatazwa hata kuweka kikombe juu yake.

Mwaka mmoja Nyamizi aliota uvimbe tumboni. Ilibidi apelekwe hospitali ya misheni, safari ya siku nzima, akapasuliwa, akalazwa wiki sita. Aliporudi alikuwa mwepesi kama pumba, lakini amepona. Alimuuliza mumewe, "Baba Tausi, gharama zote hizi amelipa nani?"

Mihambo akamjibu, "Bwana Haule, meneja wetu. Amenisaidia."

Haikuwa kweli. Mihambo alikuwa amekopa shilingi elfu arobaini kwa Bwana Songoro, mwenye duka pale njia panda. Songoro alitaka rehani, na Mihambo hakuwa na kitu chochote cha thamani isipokuwa cherehani ya mkewe. Aliweka sahihi, karatasi ikafungiwa kwenye droo ya dukani. Hakumwambia mkewe kwa sababu alimjua. Nyamizi angesikia neno deni, angeshuka kitandani kabla mshono haujakauka akaanza kukanyaga cherehani.

Basi Nyamizi akaamini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, kila msimu wa asali alinunua galoni moja ya asali nzuri, akaifunga kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, akampa mumewe. "Mpelekee Bwana Haule. Mwambie bado namwombea."

Mihambo aliichukua. Angefanya nini? Aliipeleka kwa Songoro, na Songoro kila alipopokea asali alikubali kusogeza tarehe ya malipo mbele kidogo. Ikawa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mihambo alilipa alichoweza kutoka kwenye mshahara wake mdogo, riba nayo ikawa inaongezeka. Alikonda. Aliacha kucheza bao. Sisi tukadhani ni uzee unamwanza mapema.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tano, Songoro alimwita. Alikuwa anataka kufungua duka la pili, akamwambia, "Mihambo, zimebaki elfu kumi na nane. Sikutakii ubaya, lakini nimechoka kusubiri. Jumamosi nitatuma watu waichukue cherehani."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi Mihambo hakwenda kazini. Nyamizi alikuwa barazani anashona sare za shule, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na marobota ya kaki na bluu yalikuwa yamemzunguka. Mihambo alisimama pembeni akimtazama. Waliyosemezana hapo, Nyamizi amenisimulia mara nyingi, hata nayajua kama niliyasikia mwenyewe.

"Mama Tausi."

"Bee."

"Simamisha kidogo."

"Nimalizie pindo hili."

"Simamisha, tafadhali."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Mihambo akamwambia yote: elfu arobaini, Songoro, karatasi, Jumamosi. Alisema huku anaangalia sakafu. Alipomaliza, kuku mmoja alipanda juu ya sare, na Nyamizi hakumfukuza.

"Kumbe aliyenilipia hospitali ni wewe," akasema mwishowe.

"Ni mimi."

"Na Bwana Haule?"

"Hajui lolote."

"Asali yangu?"

"Ilikwenda kwa Songoro."

"Baba Tausi! Miaka minne namwombea dua mtu ambaye hata hajui kwamba niliugua?"

Nyamizi akainuka, akaingia ndani, akakaa huko. Mihambo akadhani anafungasha nguo arudi kwao. Alipotoka alikuwa ameosha uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Cherehani inaniuma," akasema. "Siwezi kukudanganya, inaniuma sana kwamba uliiweka rehani bila kuniuliza. Lakini kuna linaloniuma zaidi. Shukrani zile zote zilikuwa zako. Nilikuwa nampa mtu baki, wewe umelala hapa kando yangu hujazipata hata siku moja."

Nyamizi alisema hapo ndipo alipomwona mumewe akilia kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alimwacha alie. Kisha akamuuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Waite Kalunde na Kapaya."

"Hao hapana. Nimewalea mimi."

"Ndiyo maana waje," akasema Nyamizi.

Tuliitwa alasiri ile ile. Mimi nilitoka sokoni bado nina harufu ya dagaa, Kapaya akaja na mikono myeusi ya grisi, maana alikuwa fundi baiskeli. Tulikaribishwa sebuleni, naye wifi hakututazama. Mimi nilifikiri ugonjwa umerudi. Kapaya aliniambia baadaye kwamba yeye alidhani kaka amefukuzwa kazi kwa wizi.

Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Akasema habari za mvua. Nyamizi akamwekea mkono juu ya goti. "Sema, Baba Tausi. Taja na kiasi chake."

"Nadaiwa," akasema kaka. "Elfu kumi na nane. Jumamosi wanachukua cherehani."

Kisha Kapaya akashusha pumzi, ndefu kama ya mtu aliyetua gunia. "Ni hilo tu? Kaka, mimi nilidhani umeua mtu!"

Nikaanza kucheka, bila kutaka, na Kapaya akacheka, na machozi yalikuwa yananitoka. Kaka alitutazama mmoja mmoja kama mtu asiyetujua. Ndipo wifi Nyamizi akasema, pole pole, kama anayejisemea mwenyewe: "Mnaona? Mtaja deni kalipunguza. Asubuhi lilikuwa la mtu mmoja, sasa ni la wanne."

Hapo ndipo lilipozaliwa, wajukuu zangu. Lakini Songoro hakulipwa kwa neno, kwa hiyo sikilizeni yaliyofuata.

Kapaya alisema ana elfu mbili na mia tano alizokuwa amezitenga anunue vipuri. Mimi nikasema nitaleta elfu mbili kesho. Bado tulikuwa mbali. Kapaya akaanza kuangaza macho mle sebuleni, na mle sebuleni, wanangu, mtu hakuwa na pa kuweka mguu. Kulikuwa na makochi manne yenye mikono mipana kama madawati. Kulikuwa na kabati la vioo limejaa vikombe vyenye mstari wa dhahabu ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Kulikuwa na redio ya mbao ya marehemu baba, iliyonyamaza kabla baba hajanyamaza.

"Shemeji, makochi haya mnayahitaji?" Kapaya akauliza kwa uangalifu.

Nyamizi akamtazama mumewe. "Ni ya kaka yako. Anayapenda."

"Mimi?" kaka akashangaa. "Niliyanunua kwa sababu ulisema yale ya mke wa karani mkuu ni mazuri."

"Nilisema mazuri nyumbani kwake! Yananichoma mgongo tangu siku ya kwanza. Nimenyamaza nisikuvunje moyo."

"Na mimi yananichoma."

Miaka minane, jamani! Wote wawili walikuwa wakikaa kwenye mkeka jikoni, makochi yakikaa yenyewe sebuleni. Kabati nalo likawa vivyo hivyo. Kila mmoja alidhani ni roho ya mwenzake. Mabati tisa yaliyobaki tulipoezeka nyumba yalikuwa nyuma ya choo, kuku wakitagia juu yake.

Redio tu ndiyo iliyotutia simanzi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja, mpaka kaka alipoipapasa akasema, "Baba mwenyewe aliipiga makofi kila jioni iseme. Acheni ipate mtu wa kuitengeneza."

Alhamisi tuliazima mkokoteni wa ng'ombe, Ijumaa tukaenda gulioni. Kaka aliona haya kusimama mbele ya vyombo vyake, watu wanaomheshimu wakipita na kusalimia. Nyamizi alisimama naye bega kwa bega, akinadi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa sokoni: "Makochi ya karani haya! Mtu mnene anaenea!" Mwalimu mmoja mnene kweli alikuja, akakaa, akacheka, akanunua yote kwa elfu tano. Kabati na vikombe vilipata elfu nne na mia tano. Mabati, elfu moja na mia nane. Redio ilichukuliwa na fundi kwa mia saba, na kaka aliifuta vumbi kabla ya kuikabidhi.

Jumamosi asubuhi hatukungoja watu wa Songoro. Tulikwenda sisi wanne dukani kwake na elfu kumi na sita na mia tano. Songoro alizihesabu mara mbili.

"Zimepungua elfu moja na mia tano," akasema.

"Tunajua," akajibu Nyamizi. "Tutakuletea mia tano kila mwezi, miezi mitatu. Mimi mwenyewe nitaleta, na watakaoniuliza ninakwenda wapi nitawaambia. Lakini karatasi ya cherehani naomba leo."

Songoro alitutazama, wanne mbele ya meza yake. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mbaya. "Mihambo," akasema, "siku ile ulikuja peke yako, ukaniomba nisimwambie mtu. Mtu asiye na watu utamkopeshaje bila rehani? Ungekuja na hawa, nisingekudai rehani hata ya sindano." Akafungua droo, akatoa karatasi, akampa Nyamizi. Wifi akaichana palepale, vipande akavitia mfukoni, kwa sababu hakutaka kuchafua duka la mtu.

Ile mia tano ya tatu ililipwa mwezi wa nne. Msimu wa asali ulipofika, Nyamizi alinunua galoni kama kawaida, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka mbele ya mumewe. "Hii ni ya aliyenilipia hospitali," akasema. Kaka aliila mwenyewe, kijiko kwa kijiko, siku nyingi, wala hakumgawia mtu, na sisi hatukumwomba.

Mngedhani nimemaliza. Sijamaliza, kwa sababu kuna jambo ambalo wazazi wenu hawalijui.

Zile elfu mbili nilizotoa mimi hazikuwa zangu. Biashara ya dagaa ilikuwa imelala. Lakini Kapaya alipotaja zake, ningewezaje mimi, dada mtu, kukaa kimya? Alhamisi ile nilikwenda kuzikopa kwa mama mmoja muuza mchele, nikaahidi kurudisha mwisho wa mwezi, nikajiapiza kwamba Mihambo hatajua mpaka naingia kaburini. Mwezi ukaisha. Nikaanza kupita njia ya nyuma kwenda sokoni, nisimwone mama wa mchele. Usingizi ukanikimbia. Nilikuwa nimecheka sana juu ya ujinga wa kaka, na sasa nimevaa kanzu yake ile ile.

Jumapili moja nilikwenda kwao. Sebule ilikuwa tupu, safi, mkeka mmoja katikati, na Nyamizi alikuwa anaipaka cherehani mafuta. Kaka alikuwa anacheza bao na Kapaya. Nikasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Kalunde, mbona huingii?" kaka akauliza.

Nilitaka kusema habari za mvua, kama yeye.

Kaka aliacha bao, akanitazama kwa muda. Kisha akasogea akaniachia nafasi juu ya mkeka, akapiga nafasi ile kwa kiganja chake kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

"Njoo ukae," akaniambia. "Kaa hapa, mdogo wangu, ulitaje. Mtaja deni kalipunguza."