Harage la Mzee Kajiru

Hapo zamani, kabla bomba la chuma halijapanda milima ya Upare, kijiji cha Ng'ando kiliishi kwa maji ya mfereji mmoja. Walikuwa wameuchimba mababu. Masika moja mlima ukateremka, ukaufukia wote kutoka kichwani hadi mkiani. Hakufa mtu. Lakini mvua zilipokatika, mahindi yakiwa usawa wa magoti, ndiva ya kijiji, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, ilibaki tope lililopasuka kama kisigino cha mkulima.

Maji mengine yalikuwapo. Yalikuwa ng'ambo ya mlima, katika kijito cha Hingiro, yakienda zao bila kumfaa mtu. Kuyaleta kulitaka mfereji mpya uchimbwe ubavuni mwa mlima. Kulitaka Jiwe la Ngiri livunjwe, lile lililokaa katikati ya njia kama mama mkwe aliyenuna. Kisha kulitaka maji yavushwe juu ya korongo. Na yote hayo yawe tayari kabla mahindi hayajatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, kwa sababu mahindi yakitoa mbelewele yana kiu, utavuna magunzi.

Wazee wa baraza wakakaa, wakabishana, wakaondoka. Wakakaa tena, wakabishana yale yale. Mwishowe mmoja wao akasema wamwite Namkunda.

Namkunda hakuwa mchimbaji wala mchonga mbao. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali aliyepanga harusi na misiba ya Ng'ando yote. Alijua nani apike na nani asisogezwe karibu na chungu. Alijua nani hasalimiani na nani tangu ugomvi wa mbuzi. Alijua yupi ukimpa kazi asubuhi jioni anakupa kazi iliyokwisha, na yupi jioni anakupa sababu. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kukosea, na kwa kukasirika kila alipokosea.

"Nitaisimamia," aliwaambia wazee. "Lakini nisiulizwe kila siku tumefika wapi. Anayetaka kujua aje na jembe lake."

Kisha akasimama mbele ya watu wote. Huko kwao maji ya ndiva huenda kwa zamu. Mwenye zamu ya kwanza hufunguliwa alfajiri, ndiva imejaa, na maji yanamjia kwa kishindo. Wa mwisho hupata matone yaliyochoka. Namkunda akasema, "Mfereji wa zamani umekufa, na zamu zake zimekufa. Zamu ya kwanza ya mfereji mpya atapewa mtu mmoja tu: yule ambaye bila yeye maji yasingefika. Apewe yeye, na watoto wake, na wajukuu wake."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Watu wakatazamana, maana wote walijua shamba la Namkunda liko wapi. Liko chini kabisa, nyuma ya mashamba yote. Miaka yote alikuwa mtu wa matone. Kwamba aliitaka zamu ile hakusema, na wala hakuficha.

Akachukua ungo, akauweka uani kwake. Juu ya ungo akapanga mawe: hili ni mfereji, hili ni Jiwe la Ngiri, hili ni korongo. Kisha akahesabu watu kwa maharage. Ukoo huu maharage mekundu, ukoo ule meupe, ule mwingine ya madoadoa. Kila asubuhi aliinama juu ya ungo akiyasogeza: wawili watoke kwenye mfereji waende kwenye kuni, mmoja atoke kwenye kuni akamsaidie mpishi. Siku moja kuku alipanda ungoni akadonoa wachimbaji wanne. Namkunda alimfukuza kwa ufagio mpaka kwa jirani, na wachimbaji wale wakataniwa mpaka kazi inakwisha kwamba wao ni marehemu.

Baragumu la msaragambo likapigwa. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, likilia baragumu lake hakuna cha mkubwa wala mdogo. Kila mtu akaenda mahali harage lake lilipolazwa.

Kwenye Jiwe la Ngiri aliwekwa Mgonja, fundi wa kupasua miamba kwa moto. Kwenye korongo, mbali na Mgonja, aliwekwa Nakiete, awapikie wachimbaji, kwa kuwa nyumba yake na migomba yake vilikuwa ukingoni pale pale. Mgonja na Nakiete ndio wale wa ugomvi wa mbuzi. Namkunda aliwatenganisha kwa mlima mzima, na hapo alipanga vizuri.

Jambo moja tu halikuingia kwenye ungo. Mzee Kajiru, mkubwa kuliko wote kijijini, alikuwa kitandani akikata roho.

Na mila ya Ng'ando ni hii: akifa mtu, jembe haligusi ardhi mpaka matanga yaanuliwe. Akifa mkubwa wa wote, matanga ni marefu. Kajiru akifa, majembe yatalala, na mahindi hayatangoja.

Namkunda akatafakari jambo hilo, likamtia hasira, akaenda kwa Kajiru moja kwa moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kupima kaburi?"

"Nimekuja kukuomba usife."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, mkwewe akaja mbio na kibuyu cha maji. Alipopata pumzi akauliza, "Nisife kwa muda gani?"

"Mpaka maji yapite mlangoni kwako."

"Na kazi hiyo umempa nani mwingine, wa kunipokea nikichoka?"

"Hakuna. Ni yako peke yako."

Kajiru akajigeuza kumtazama. "Basi niwekee harage," akasema. "Mimi sifanyi kazi isiyohesabiwa."

Namkunda akarudi nyumbani akachagua harage moja jeusi, akaliweka peke yake pembeni mwa ungo.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla jembe halijainuka, mtu alisimama mgongoni mwa kilima akaita kuelekea nyumba ya mzee: "Yupo?" Na mkwewe akajibu kutoka mlangoni: "Yupo!" Ndipo majembe yakapanda na kushuka. Asubuhi nyingine: "Yupo?" "Yupo!" Majembe yakapanda na kushuka.

Mfereji ukatambaa ubavuni mwa mlima. Kwenye Jiwe la Ngiri, Mgonja akapanga kuni, akawasha, akachochea mpaka mwamba ukawa mwekundu kama jicho la mlevi, kisha akaumwagia maji baridi. Mwamba ukalia, haukupasuka. Akawasha tena. Watu walimsihi akae mbali, akakataa, akisema mwamba ni kama mke, ukiukalia mbali haukusikii. Mara ya mwisho ulipasuka kwa mlio uliowafukuza nyani, na cheche zikachukua ndevu zake zote pamoja na nyusi. Mgonja akatoka katika moshi akiwa na uso wa mtoto mchanga. Mwamba ulikuwa vipande viwili, na njia katikati.

Likabaki korongo. Na hapa ndipo msimamizi alipokosea.

Namkunda alikuwa amelipima korongo kwa kamba ya kusokota, jua likiwaka, kamba ikiwa kavu. Akaipeleka kamba hiyo kwa wachongaji huko juu msituni, kwenye ukungu, wachonge gogo la mringaringa la urefu wa kamba, lenye mfereji ndani. Wachongaji wakamwambia kamba imelowa, na kamba ya kusokota ikilowa hujikunja. Namkunda alikuwa na mambo mengi kichwani. Aliwajibu kwamba yeye alipima, wao wachonge. Wakachonga.

Gogo lilipofika korongoni lilikuwa fupi. Si fupi sana, na hiyo ndiyo iliyomponza. Angekuwa mtu mtulivu angeketi chini akafikiri. Yeye akasema lisukumwe, litashika tu. Wakasukuma. Gogo likashika kidogo, likateleza, likaenda chini korongoni likapasuka kama nazi.

Mahindi yalikuwa yameanza kuvimba shingoni. Mbelewele ilikuwa njiani. Kuchonga gogo jingine kulitaka mwezi mzima. Namkunda alisimama ukingoni akiwatukana wachongaji, akautukana ukungu, akaitukana kamba. Lakini alijua wa kutukanwa ni nani.

Nakiete akatoka jikoni kwake na panga mkononi.

"Namkunda, hasira yako haivushi maji," akasema. "Sogea."

Akaingia kwenye migomba yake. Hakuambiwa na mtu, wala kwenye ungo hakukuwa na kazi hiyo. Akakata mgomba wa kwanza, mkungu wake bado mchanga. Akakata wa pili. Akaendelea mpaka shamba likabaki mashina yanayotoa machozi. Vigogo vikapasuliwa, vikatolewa moyo, vikawa mifereji mirefu. Vikaunganishwa kimoja mdomoni mwa kingine, juu ya miti yenye panda iliyosimikwa kutoka chini ya korongo. Namkunda akakimbilia ungo, akahamisha maharage yote: wenye kuni wakakate panda, wachimbaji wakashike miti, wapishi wakabebe vigogo, wachongaji wakazibe maungio kwa udongo wa mfinyanzi. Hakuna aliyegongana na mwenzake.

Asubuhi ya kuyaachia maji, bado wana mashimo ya panda ya kumalizia, mtu akasimama kilimani akaita, "Yupo?"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Majembe yakabaki begani. Namkunda akaona mahindi yake yote, jani kwa jani, yakijikunja.

Ndipo ikatoka sauti mlangoni, nyembamba, ya kukwaruza, wala haikuwa ya mkwe. "Nipo! Mke wa mwanangu amekwenda kuni. Mnataka nije niwachimbie?"

Kijiji kizima kikacheka kama kilichotolewa mzigo mgongoni. Majembe yakapanda na kushuka.

Maji yakaja. Yakateremka ubavuni mwa mlima, yakapita katikati ya Jiwe la Ngiri, yakavuka korongo juu ya migomba ya Nakiete yakidondoka kidogo huku na huku, yakapita mlangoni kwa Kajiru. Mzee akatolewa nje, akatia miguu ndani ya mfereji. Watu wakavua kofia, wakidhani sasa ataaga. Kajiru akafumba macho, akayafumbua, akaomba makande.

Alikula bakuli zima. Namkunda aliketi chini kando ya mfereji, akalia jinsi ambavyo hajawahi kulia msibani, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Usiku huo ndiva ikajaa. Alfajiri watu wakakusanyika ukingoni, maana ahadi ilikuwa ahadi.

Akasimama Mgonja na uso wake usio na nyusi. "Mfereji ungechimbwa mpaka Mombasa, jiwe lingebaki pale. Moto ule mimi nililala ubavuni mwake. Semeni, bila mimi maji yangefika?"

Watu wakajibu, "Yasingefika."

Akasimama Nakiete. "Mgonja amepoteza ndevu, zitaota. Mimi nimekata chakula cha watoto wangu, na mgomba hauzai kwa kuuombea. Hakuna aliyenituma. Bila mimi maji yangefika?"

"Yasingefika."

Kajiru akaletwa juu ya kitanda chake. "Ninyi wote mlipumzika jioni," akasema. "Kazi yangu haikuwa na jioni. Kila alfajiri ndugu zangu waliotangulia walikuwa wakiniita kwa jina, na mimi nawaambia subirini, kuna mwanamke mmoja mkali ameniwekea harage. Bila mimi maji yangefika?"

Watu wakacheka, lakini wakajibu, "Yasingefika."

Mzee mmoja wa baraza akauliza kuhusu Namkunda. Hapo Mgonja na Nakiete wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu mbuzi. Mgonja akasema hakumwona na jembe hata siku moja. Nakiete akasema jembe si kitu, lakini kamba ile ilikuwa ya nani?

"Leteni ungo," Kajiru akasema. Ungo ukaletwa. Akauangalia kwa karibu, akalikuta harage lake jeusi, akaridhika. Kisha akainua macho. "Lako liko wapi, binti?"

Namkunda akatazama. Mekundu yapo, meupe yapo, ya madoadoa yapo, isipokuwa yale ya kuku. Lake halikuwapo. Hakuwahi kuliweka. Mkono unaosogeza maharage haukukumbuka kwamba nao ni wa mtu.

"Kosa la kamba ni langu," akasema. "Silikani, na migomba ya Nakiete iko shingoni mwangu. Lakini nani aliyejua Mgonja awekwe wapi na kuni zimfikie lini? Siku ile korongoni, mngejua wenyewe nani ashike nini? Na babu huyu, nani alikwenda kumwomba? Zamu hii naitaka, sitawadanganya. Mahindi yangu ndiyo ya mwisho, nanyi mnayajua. Ila ahadi niliitoa mimi. Mtoa ahadi akijipa mwenyewe, baragumu likilia tena atakuja nani? Na nikimpa mwingine kwa kuogopa maneno yenu, nitakuwa nimesema uongo mbele ya ndiva. Bila mimi maji yangefika?"

Mara hii watu hawakujibu kwa pamoja. Wengine walisema yasingefika. Wengine walisema yangefika, ila kwa kuchelewa. Na kuchelewa, katika mwaka ule, kulikuwa ni nini kama si kutofika?

Wazee wakampa Namkunda jembe, wakamwambia aliyegawa kazi agawe na tuzo. Akashuka mpaka penye kizibo cha ndiva. Chini yake mifereji midogo inagawanyika: huu wa Mgonja, huu wa Nakiete, huu wa Kajiru aliyekataa kufa, na ule wa chini kabisa ni wake. Jua linachomoza. Maji yanasukuma kizibo, na maji hayajui baraza.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkiwa mmeshiba, jembe liko mikononi mwenu sasa. Mtamfungulia nani?