Siku Mukama Alipolowa Kanisani

Nyasi zisipolaliana, hata mfalme hulowa.

Bibi Anastazia Kokuhirwa aliitamka methali hiyo asubuhi moja akiwa amesimama chini ya ngazi, birika la uji mkononi, baada ya kuwasikiliza vijana wa kwaya mbili wakigombana kwa nusu saa nzima. Vijana hao, wa Katoliki na wa Kilutheri, walikuwa wamejitolea kuezeka zahanati ya kijiji kwa mabati. Sasa kila kwaya ilitaka upande wake wa paa, iuanze na kuumaliza peke yake, bila mkono wa wengine. Waliposikia habari za mfalme kulowa, wakaacha kugombana.

"Mfalme gani huyo, Bibi?" aliuliza binti mmoja wa Katoliki aliyekuwa juu, nyundo mkononi.

"Shukeni mnywe uji kwanza," akasema. "Methali hii ilitoka kinywani mwa fundi wa paa kama ninyi, ila yeye kazi aliijua."

Wakashuka wakicheka. Bibi akaketi juu ya rundo la mbao, akawasimulia kisa chenyewe.

Zamani, katika nchi ya Butarama, magharibi ya ziwa kubwa, alitawala Mukama Fransisko Rwabigonda. Mukama ndilo jina la heshima walilowaita wafalme wao. Huyu alibatizwa akiwa mtu mzima, na dini ilimwingia hadi mifupani. Siku ya Ijumaa hakugusa nyama hata aletewe ndama aliyenona. Rozari aliisali mara tatu kwa siku, na wazee wa baraza, wenye kesi na wasio na kesi, walijifunza kungoja mpaka afike punje ya mwisho. Wala hakuwa mnafiki. Wajane walipata maziwa kutoka zizi lake, na mgeni hakulala njaa kwake. Alikuwa mtu mwema, na ubaya wa watu wema ni kwamba wakikosea, hukosea kwa moyo wote.

Siku hizo vita vya dini vilikuwa vimewaka katika nchi za kaskazini. Wakatoliki walichoma nyumba za Waprotestanti, Waprotestanti wakachoma za Wakatoliki, na kila upande ulisema umetumwa na Mungu. Wakimbizi walipita Butarama wakiwa na watoto mgongoni. Mukama aliwaona, akaogopa. Akapiga magoti mbele ya altare, akaapa kwamba vita vile visipoingia katika nchi yake, atamjengea Mungu nyumba kubwa kuliko ikulu.

Mutalemwa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri wake mkuu, akaongeza la kwake. "Mukama, vita huingia penye sala mbili. Nchi ikiwa na sala moja, nani atapigana na nani?"

Maneno hayo yalimkaa mfalme kichwani. Ngoma ikapigwa: Waprotestanti wote wavuke mto Kabwera, wakakae ng'ambo. Damu isimwagike hata tone. Wakapewa siku tisa za kufungasha, kama siku za novena, na siku ya kumi vibanja vyao vya migomba na kahawa vikabaki bila wenyewe.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mtu ambaye hata hakufukuzwa. Aliitwa Yosefu Byemero, Mkatoliki, fundi mkuu wa kuezeka. Alikuwa mfupi, mwenye magoti yaliyokakamaa kwa kupanda mapaa, na mdomo wake haukukosa utani. Tangu ujana alifanya kazi na mtu mmoja tu, Samweli Kaijage, na huyo Samweli alikuwa Mprotestanti.

Kuezeka kule hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Mtu wa nje hukaa juu ya paa, akalaza nyasi, akapenyeza sindano ndefu ya mti yenye kamba. Mtu wa ndani, aliye juu ya jukwaa chini ya paa, huipokea, akaizungusha kamba kwenye fito, akairudisha nje. Hawaonani. Wa nje huuliza, "Umeipata?" Wa ndani hujibu, "Nimeipata!" Ndipo huvuta. Wa nje akiwa na haraka, humchoma mwenzake. Wa ndani akiwa mvivu, kamba hulegea. Yosefu alikuwa wa nje, Samweli wa ndani, na kwa miaka thelathini Samweli hakuchomwa hata mara moja.

Tena walikuwa wamechanjiana, yaani wameapiana undugu. Walipasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akameza punje yake mbele ya wazee, wakawa ndugu. Kwa watu wa Butarama undugu wa kahawa ulipita ule wa tumbo, maana wa tumbo huuchagui.

Siku ya kuondoka, Yosefu alimsindikiza Samweli hadi mtoni, amembebea mkeka.

"Kanisa la Mukama utaliezeka na nani?" Samweli aliuliza.

"Wamenipa mpwa wa Katikiro."

"Yule anayeogopa ngazi?"

"Huyo huyo. Ila anajua litania yote kwa moyo."

Samweli akacheka, kisha akaacha kucheka. Akachukua mkeka wake, akavuka. Yosefu alirudi nyumbani akapita katikati ya migomba ya rafiki yake, akalia kama mtoto.

Kanisa aliloapa Mukama likaanza kujengwa. Kuta zilipanda vizuri. Ilipofika zamu ya paa, matatizo yakajipanga. Nusu ya mafundi walikuwa ng'ambo. Nyasi ndefu, zile zinazofaa, ziliota bondeni ng'ambo ya mto, walikokaa waliofukuzwa. Upande wa huku zilibaki za kilimani, fupi na chache. Na Katikiro alitaka kazi iishe kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba.

Yosefu alimweleza. "Mheshimiwa Katikiro, safu ya juu sharti ilalie safu ya chini kwa urefu wa mkono, kiwiko hadi vidole. Nyasi hizi hazitoshi kulaliana. Zitagusana tu."

"Zikigusana inatosha. Ni nyumba ya Mungu, Mungu mwenyewe atailinda."

Mkubwa akishasema hivyo, mdogo afanye nini? Yosefu akaezeka. Alisema, "Umeipata?" na mpwa wa Katikiro akajibu, "Nimeipata!" kabla sindano haijafika. Siku ya tatu kijana alichomwa begani, na tangu hapo akawa anakaa mbali na paa, akivuta kamba kwa ncha za vidole. Kwa nje paa lilipendeza, rangi ya dhahabu. Lakini Yosefu alijua lilivyofungwa ndani.

Sikukuu ikafika. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Mukama alivaa kanzu nyeupe, akapiga magoti mbele ya wote, bila mto wala mkeka, kwani alisema mbele za Mungu hakuna kiti cha enzi. Padri alipoanza sala kuu, ngurumo ikajibu kutoka ziwani. Mvua ikaja, si ya manyunyu, ile ya Novemba inayokuja kama imeitwa kwa jina.

Tone la kwanza lilimwangukia Mukama shingoni. Hakujitikisa. La pili likafuata, la tatu, kisha ukawa mchirizi ulioshuka mgongoni chini ya kanzu. Watu wote wakaacha kumtazama padri, wakamtazama mfalme wao. Naye, mcha Mungu yule, alidhani anapewa kitubio, akainamisha kichwa zaidi ili maji yapate njia. Mshumaa wa kushoto ukazimika, kisha wa kulia. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, Mukama anabatizwa tena?" Mama yake akamziba mdomo, lakini safu nzima ilikuwa imeshapasuka kwa kicheko.

Baada ya Misa, Yosefu aliitwa mbele. Katikiro alikuwa amelowa na hasira zimempanda.

"Mukama, huyu amefanya makusudi," akasema. "Amekuaibisha mbele ya Mungu na watu kwa sababu ya rafiki yake wa ng'ambo. Amkane Kaijage sasa hivi, aiteme kahawa aliyokula naye. Akikataa, avuke mto amfuate, na kibanja chake kichukuliwe."

Yosefu alifikiria nyumbani kwake. Alikuwa na mke, watoto watano, na mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Neno moja tu lingemwachia vyote. Alijaribu kulitafuta, hakulipata.

"Kahawa niliyomeza miaka thelathini iliyopita, mheshimiwa, nitaitemaje leo?"

Kicheko kikatoka nyuma, kikazimwa haraka. Mukama hakucheka. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kwenye ndevu.

"Yosefu," akasema polepole, "ulifanya makusudi?"

"La, Mukama. Nisamehe nikisema kweli. Nyasi zisipolaliana, hata mfalme hulowa."

"Maana yake nini?"

Yosefu akaokota konzi mbili za nyasi sakafuni. Aliziweka ncha kwa ncha, akamimina maji kwa kibuyu. Maji yakapita katikati. Akazilaza tena, moja juu ya mgongo wa nyingine, akamimina. Maji yakateleza nje.

"Hizi za juu si bora kuliko za chini," akasema. "Na hizi za chini si watumwa wa za juu. Kila moja inaficha mahali mwenzake asipofika. Nyasi zetu zilikuwa chache, Mukama. Nyingine ziko ng'ambo. Na mtu wangu wa ndani yuko ng'ambo."

"Lakini mpwa wangu alikuwa ndani!" Katikiro akamaka.

Mukama aliinua mkono kumnyamazisha. Kisha akafanya jambo ambalo Butarama haikuwahi kuliona. Alipanda ngazi, kanzu imemganda mwilini, akaketi chini ya paa kwenye jukwaa la mafundi, ambalo lilikuwa bado halijabomolewa. "Panda nje, Yosefu. Mimi nitakuwa mtu wa ndani. Nataka kujua kama ni kazi ya yeyote."

Nani angemkatalia mfalme? Yosefu akapanda. Mvua ilikuwa imepungua. Akapenyeza sindano taratibu kama anayemlisha mgonjwa.

"Umeipata, Mukama?"

"Nime... aaah!"

Sindano ilikuwa imemchoma katikati ya kiganja. Watu chini wakashika vichwa. Yosefu, huko juu, alijihesabu marehemu. Lakini mfalme hakumfokea. Alikitazama kile kiganja chenye damu, akautazama msalaba juu ya altare, akavitazama tena kwa zamu. Aliposhuka, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Katikiro, siku ile mbele ya altare niliapa nini?"

"Uliapa nyumba, Mukama."

"Na ile habari ya sala moja, niliiapa?"

Katikiro akaanza kuikamua nguo yake iliyolowa.

"Hiyo ilikuwa yako. Nami niliibeba kana kwamba ni ya Mungu, nikawatoa watu kwenye migomba yao. Yosefu, nenda ukamwite ndugu yako."

Yosefu hakwenda, alikimbia, na yale magoti yake. Alimkuta Samweli kwenye kibanda cha matawi, akianika nguo.

"Mukama amelowa," Yosefu akasema, pumzi zikimwishia.

"Amelowa kiasi gani?"

"Mpaka kwenye nguo ya ndani."

Samweli akacheka hadi akakaa chini. Kisha akajifuta macho. "Nami nimelowa hapa miezi mitano, na hakuna ngoma iliyopigwa kwa ajili yangu. Sikiliza, ndugu yangu. Sirudi kama fundi. Turudi wote na nyasi zetu, au nisirudi."

Yosefu alipeleka maneno hayo kwa hofu, maana wafalme hawapendi kuwekewa masharti. Mukama aliyasikiliza, akafika punje ya mwisho ya rozari, akasema, "Ana haki." Ngoma ikapigwa mara ya pili. Watu wakavuka kurudi, kila mmoja na mganda wa nyasi ndefu kichwani, na waliokuwa na miguu mizuri walivuka mara mbili.

Paa likafumuliwa, likaezekwa upya. Samweli aliketi ndani, juu ya altare ambayo si ya sala yake, na Mukama akawa anakuja kila alasiri kusali chini yake. Siku moja mfalme aliinua macho.

"Samweli, kanisa likiisha, utasali nasi?"

"La, Mukama. Nitasali kwetu. Lakini nitakufungia paa."

Mukama aliikaza rozari mkononi. Neno lile lilimuuma, hakulificha. Kisha akatabasamu. "Basi funga sana. Mimi nitakuombea huku chini, upende usipende."

"Niombee, Mukama. Nami nakuombea huku juu."

Vita vya kaskazini viliwaka miaka mingine mitatu. Wajumbe wa pande zote mbili walifika Butarama kutafuta wapiganaji. Kila upande ulikuta mafundi wawili juu na chini ya paa moja wakiitana, ukaondoka bila mtu. Na mvua kubwa iliyofuata ilimkuta Mukama amepiga magoti pale pale. Alitoa kiganja chake chenye kovu, akakifungua kuelekea juu, akangoja. Hakikudondokewa na kitu.

Bibi Anastazia akamimina uji uliobaki kwenye kikombe chake mwenyewe. Vijana wakaweka vikombe chini. Kisha yule binti wa Katoliki akapanda ngazi na bati lake, akalilaza juu ya bati la Walutheri, likalifunika kwa mkunjo mmoja na nusu. Kijana wa Kilutheri akaingia ndani, chini ya paa, kushika mbao.

"Umeipata?" binti akauliza kwa sauti.

"Nimeipata!"

Nyundo zikaanza. Bibi akainuka na birika lake tupu, akaenda zake akisema, wala si kwa mtu yeyote, "Nyasi zisipolaliana, hata mfalme hulowa."