Kurunzi ya Kijani

Mtu akikiona chombo kimetulia juu ya maji, huona chombo na maji, basi. Haoni mbao zilizopinda zikatupwa, wala vidole vya fundi vilivyovimba. Ndiyo maana wahenga wakatuachia neno kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wengi huikariri methali hii shuleni, wakapata alama zao, kisha wakaisahau. Kifua haisahau hata akiamshwa usingizini, kwa sababu yeye alifundishwa chini ya bahari, gizani, na aliyemfundisha ni shemeji yake.

Kifua lilikuwa jina la utani. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mabega yake yalimlazimu kupita upande kwenye milango myembamba. Mkewe alikuwa na dada mkubwa, daktari wa meno, mwanamke mwembamba aliyeshinda kutwa akiwatuliza watu wazima wanaolia hata kabla hawajaguswa. Huyo ndiye waliyemwita Daktari. Kila mwisho wa juma jioni, Daktari na rafiki zake walivaa mitungi ya hewa wakaingia baharini kwa miguu yao kutoka ufukweni, kurunzi mkononi, kwenda kuwatazama viumbe wanaotoka mapangoni jua likizama.

Aliyewaongoza alikuwa mwokaji mikate wa makamo, Mzee Mikate. Alibeba kurunzi yenye mwanga wa kijani, na wengine wote waliufuata mwanga huo. Magoti yalipoanza kumsumbua, alitaka kumrithisha mtu kurunzi hiyo. Mwaka uliotangulia alimjaribu Daktari. Masikini Daktari! Alishuka akatua kwa magoti, matope yakatibuka, hakuna aliyemwona mwenzake, na safari ikaishia hapo. Kifua alipoisikia habari hiyo mezani, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akambandika jina: Daktari wa Matope.

Daktari alicheka pamoja nao, lakini jina lile lilimchoma kama mwiba. Kila alfajiri, kabla ya kufungua zahanati yake, alikwenda kwenye bwawa la kuogelea akajilaza ndani ya maji, umbali wa kiganja kimoja tu kutoka sakafuni, bila kusogeza mkono wala mguu. Akivuta pumzi anapanda kidogo, akiitoa anashuka. Mwanzoni alikuwa akigonga vigae kwa kidevu, na kovu lake lipo mpaka leo. Mlinzi wa bwawa alimwona amechanganyikiwa. Hakuna aliyekwenda kumtazama, na yeye hakumsimulia mtu.

Siku ya jaribio la pili ikafika. Mzee Mikate alikuwa amesema wazi kwamba hakutakuwa na la tatu. Mambo yakiharibika tena, kurunzi itakwenda kwa mwingine. Na siku hiyohiyo Kifua, aliyepata cheti cha uzamiaji katika likizo ya juma moja, akaomba kuandamana nao.

Walipofika kwenye maji ya kiunoni, Daktari alimpima kama anaelea. Kifua akazama kama jiwe.

"Shemeji, vizito vyako vimezidi," Daktari alisema. "Toa viwili."

"Mimi na mwili huu? Hivi navibeba kwa kidole!"

"Sijauliza kama unaviweza. Toa."

Mkewe, aliyebaki ufukweni kulinda taa ya kuwaongoza kurudi, alipaza sauti, "Baba watoto, leo mkubwa ni dada. Msikilize!"

Kifua akavitoa vipande viwili vya risasi, vile vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Lakini wenzake walipoinama kusuuza miwani, akavirudisha mfukoni kimyakimya. Kuelea nako kuna ufundi gani, alijiuliza. Si kulala tu juu ya maji?

Wakazama. Chini kulikuwa na mengi ya kutazama: pweza aliyebadili rangi mbele ya macho yao, kamba wenye macho yaliyong'aa kama makaa. Daktari alitangulia na kurunzi ya kijani, ametulia tuli juu ya matope, hata chembe haikutikisika. Kifua aliona kazi nyepesi kabisa. Akataka kusimama vilevile, uzito ukamvuta, akatua kwa kishindo. Matope yakafumka. Giza likamfunika, pumzi ikampaa, akabonyeza kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi lake, akakikazia kidole. Jaketi likavimba na kumrusha juu.

Mzamiaji anayepaa ghafla huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu, hata kama kina si kirefu. Kifua alikuwa ameibana kwa nguvu zake zote, na nguvu alikuwa nazo.

Daktari hakuyapiga maji teke. Alivuta pumzi moja akainuka nayo, akamdaka mkanda, na kwa mkono wa pili akavuta kamba ya kutoa hewa kwenye jaketi la Kifua. Kisha akatoa pumzi yake polepole mpaka uzito wake ukamzuia yule jitu. Wakasimama katikati ya maji, matope chini, giza juu. Hapo akaigeuza kurunzi ya kijani ikamulika uso wake mwenyewe. Kifua akayaona macho mawili yasiyo na haraka, yaleyale wanayoyaona wagonjwa wanapolazwa kwenye kile kiti. Mkono wa Daktari ukapanda taratibu: vuta. Ukashuka: toa. Viputo vikaanza kumtoka Kifua. Alikuwa anapumua.

Walipanda kwa mwendo wa konokono, wakapumzika karibu na uso wa maji kama inavyotakiwa, na wenzao wakaufuata ule mwanga mmoja baada ya mwingine. Hakupotea hata mtu.

Ufukweni mkewe alimkimbilia na taulo. "Unatetemeka nini?"

Kifua alichomoa vile vizito viwili mfukoni akaviweka miguuni pa Daktari.

"Nilivirudisha kwa siri, shemeji. Nisamehe. Nilidhani wewe unaelea tu."

"Hata mimi mwaka jana nilidhani watu wanaelea tu," Daktari alijibu. "Nimejifunza bwawani, mwaka mzima."

Mzee Mikate akanyoosha mkono. "Nipe kurunzi."

Moyo wa Daktari ukamwanguka. Mtu wake alikuwa amepaa, matope yalikuwa yametibuka, na kiongozi alikuwa yeye. Akaitoa. Mzee akaifuta mchanga kwa shati lake, taratibu, kisha akamvisha tena kamba yake mkononi.

"Kiongozi habebi kurunzi chafu," alisema. "Ni yako, binti yangu."

Mdogo wa Daktari alipiga vigelegele peke yake, kwa nguvu za watu kumi. Daktari alijishika kovu la kidevuni, kichwa juu. Alijivunia, naam, na hakuona haya kujivunia.

"Wa Matope ni mimi kuanzia leo," Kifua alisema. "Shemeji, hilo bwawa linafunguliwa saa ngapi?"

"Alfajiri. Ila jihadhari na vigae."

Na Kifua alikwenda. Siku ya kwanza alirudi nyumbani kidevu kinavuja damu, na mkewe alipomuuliza kulikoni, alimjibu kwa maneno manne tu: ukiona vyaelea, jua vimeundwa.