Siku Moja ya Sungura

Nipeni masikio yenu, nitayarudisha mazima. Mwaka huo jua lilikaa miezi saba bila kupumzika, njaa ikaingia kila nyumba. Simba, ambaye hapendi kuombwa chakula, akaligawa bonde la mto, kila mnyama kipande chake.

"Nitapita mawingu yakitanda," akasema. "Nitakayemkuta hajalima, shamba lake nampa jirani."

Sungura alipata kipande cheusi, kando ya maji. Jirani yake, Kobe, akaanza kulima asubuhi ile ile, jembe moja, pumzi mbili.

"Baba Chiku, hulimi?" mke wa Sungura akauliza. "Watoto sita, na ghalani wamebaki panya, nao wanalalamika."

"Mimi si Kobe, mke wangu. Kazi yake ya mwezi nitaimaliza kwa siku moja."

Siku hiyo moja ikatafutwa. Kwanza udongo ulikuwa mgumu. Kisha mpini ukalegea, akaenda kutafuta mti wa kuchonga mwingine, na kivuli cha mti huo kilikuwa kizuri mno. Akalala. Wiki ya tatu akanoa jembe, akatangaza kwamba hapo nusu ya kilimo imekwisha.

Fisi alipita akinusa vyungu vya watu. "Bwana Sungura, majani ya kwako yananifika tumboni."

"Nayaacha yakomae, niyang'oe kwa mara moja."

Mawingu yakatanda. Sungura akakimbilia kichuguu, akachota udongo kapu baada ya kapu, akayalaza majani na kuyafukia. Kutwa nzima. Kwa nguvu hiyo angelima mashamba mawili, lakini nani amwambie mwenye akili?

Simba akafika. "Umelima?"

"Tazama jasho, Mfalme."

Simba akaridhika, akasimama katikati ya shamba, akakohoa. Simba akikohoa hivyo, kaeni chini: ni hotuba. Alipofika kwenye sifa za babu yake wa nne, matone yakaanza.

"Mfalme utalowa," Sungura akasema. "Hotuba tuiahirishe mpaka kesho."

"Hotuba yangu haiahirishwi."

Mvua ikamwagika. Udongo ukateremka mtoni, majani yakainuka moja moja kama wageni waliochoka kukaa, na moja likamwingia Simba puani. Akapiga chafya. Akatazama chini.

"Shamba ni la Kobe," akasema.

"Na wanangu?"

"Kwangu kuna kunde nilizomwagilia kwa kibuyu," Kobe akasema kutoka mpakani. "Atakayenilimia atakula na wanawe."

"Ahsante, jirani. Nitaanza kesho alfajiri."

"Kunde zinapikwa leo."

Sungura akageuka kumwita mkewe amsaidie. Mkewe alikwisha kushika jembe na kufika tuta la tatu, mgongo umeinama, wala hakuinua kichwa.

Hapo ndipo akili ya Sungura ilipomfikisha: kibarua kwenye shamba lililokuwa lake. Nawe uliyeweka kazi kando ili usome haya, cheka taratibu.